Sindano ya Bi Khatun

Zamani, kabla dunia haijamtia adabu, ukitaka kumtibua Rumana Badrudin ilitosha umuulize swali moja tu: "We si mtoto wa Bi Khatun mtogaji?" Hapo uso ulimfura, tundu za pua zikapanuka, akakujibu kwa sauti ya msomaji taarifa ya habari, "Mimi ni mtaalamu wa usikivu." Nawe ukabaki umesimama hujui ulichokosea, maana mtaalamu wa usikivu ndiye nani, na Bi Khatun ana ubaya gani?

Siku hizi anayeyasimulia hayo ni Rumana mwenyewe. Huyasimulia kwa mikono na macho, akaziigiza na pua zake zilivyokuwa zikipanuka, na ukichelewa kucheka hukukasirikia. Kwa hivyo nami nayaeleza kama alivyonieleza, bila ya kumsitiri, maana hakutaka kusitiriwa.

Bi Khatun ni mamake. Babake, marehemu Badrudin, alikuwa sonara mwenye kiduka chembamba huku Mlandege, na mkewe akikaa nyuma ya pazia na sindano, uzi mweusi na kichupa cha mafuta ya nazi, akitoga masikio ya watoto wa kike. Mpaka leo ukimwona mwanamke mzima hapa mjini ana vipuli masikioni, sema tundu zile katoboa Bi Khatun, hutokosea sana. Watoto waliletwa kutoka mjini na shamba, wana miezi miwili, mitatu, wakatogwa, wakalia, wakatiwa titi mdomoni, wakanyamaza. "Nimewaliza nusu ya wanawake wa Unguja," Bi Khatun hupenda kusema, "na wote wananipa shikamoo."

Rumana alikulia nyuma ya pazia hilo. Kazi yake ilikuwa kushika vichwa. Akirudi skuli, hata viatu hajavua, huitwa, "Rumana! Njoo unishikie kichwa." Siku moja, ana miaka kumi na mbili, kichanga kimoja kilimtapikia maziwa kwenye buibui lake jipya la skuli, naye akala kiapo pale pale: yeye na masikio ya watu basi, talaka tatu.

Akasoma. Akasoma kwa hasira mpaka akapata nafasi ya chuo kikuu India, na huko, katika masomo yote ya afya yaliyoorodheshwa, akalichagua lile ambalo mtaani kwao hapana aliyewahi kulisikia: elimu ya usikivu. Kumpima mtu ijulikane anasikia kiasi gani, na kama hasikii vizuri, kumtafutia mashine ya sikio na kumfunza kuitumia. Yaani katika kuyakimbia masikio ya watu, akaenda akatumbukia ndani yake mzima mzima. Yeye hilo hakuliona. Aliyeliona ni mamake, siku ile ile aliporudi, hata mabegi hayajashushwa garini.

"Kwa hivyo," Bi Khatun alimuuliza, "umekaa Bara Hindi miaka minne unasomea sikio?"

"Naam, mama."

"Na hapa nyumbani hapakuwa na sikio?"

"Si hilo, mama. Lenu ni la nje. Mimi nimesomea la ndani."

"Haya. Ila sikio halipiti kichwa, mwanangu. La nje wala la ndani."

Badrudin alikuwa keshatangulia mbele ya haki, na macho ya Bi Khatun yameingia ukungu, sindano ameiweka. Kiduka walimkodisha mtu mmoja akiitwa Mkubwa, muuza spika, ambaye imani yake ni kwamba spika isiyopigwa hainunuliwi. Chumba cha juu kilikuwa kitupu, na Rumana akafungua kituo chake humo. Hebu fikiri. Unguja nzima na vichochoro vyake vyote vya kimya, mtaalamu wa usikivu kaenda kupima watu usikivu juu ya duka la spika. "Shahada niliipata kwa mtihani," husema mwenyewe, "akili haikuulizwa."

Akaziba madirisha, akajenga kijumba cha magodoro cha kumkalisha mgonjwa ndani asisikie makelele. Wa kwanza kuingizwa humo alikuwa Mzee Hasan, mwalimu mstaafu. Mlango ulipofungwa, ikasikika sauti yake ikitokea magodoroni, "Binti yangu, mbona unanizika na roho nnayo?" Akavishwa spika za masikioni, akaelezwa kwamba kila akisikia mlio abonyeze kitufe. Mzee Hasan, mtu wa adabu zake, akaona kitufe ni utovu wa heshima. Kila akisikia mlio akaitika, "Naam!" Na pasipo mlio akaitika vile vile, maana aliona vibaya binti wa watu kukaa peke yake kule nje hapana anayemsemesha. Kwa kipimo cha siku ile, Mzee Hasan alikuwa akisikia kuliko popo.

Nje kikatundikwa kibao: KITUO CHA UCHUNGUZI NA HUDUMA ZA KITAALAMU ZA USIKIVU NA MASIKIO. Maneno yote yale, na watu wakaokota la mwisho. Masikio? Na mwenyewe nani? Mtoto wa Bi Khatun? Aa, kumbe mama kamrithisha mwana kazi! Wiki ya kwanza walipanda ngazi watu kumi na moja, na tisa kati yao walikuwa wanawake wenye vichanga vya kike, vipuli vya dhahabu wamevifunga kwenye ncha ya kanga.

Pua za Rumana zilipanuka mara tisa. "Hapa si kwa sonara," aliwaambia, mmoja baada ya mwengine. Wiki ya pili akabandika karatasi mlangoni, HATUTOGI, kwa herufi kubwa kuliko za kibao chenyewe. Wakaendelea kuja. Mkubwa, aliyekuwa akiwaona wakipita dukani kwake kwenda juu na kurudi chini, siku moja alipunguza muziki makusudi amuulize, "Dokta, hebu nambie, mbona wateja wako wote wanashuka kama walivyopanda?"

Sasa, kabatini mwake Rumana alikuwa na mashine moja ndogo aliyokuja nayo India kaipakata kama mtu aliyebeba mayai. Mashine ya kupimia watoto wachanga. Unakitia kijidude laini kwenye sikio la mtoto aliyelala, kinapeleka mlio mdogo, na sikio zima hurudisha jibu lenyewe, mtoto wala hajui. Dakika tano umemaliza. Kwa mashine ile unaweza kumjua mtoto asiyesikia angali mchanga, ukaanza kumsaidia mapema, akaja akasema kama wenzake. Ukichelewa, kila mwezi unaopita ni maneno yanayompita. Rumana hili alilijua kuliko jina lake. Na kila siku alilalamika kwa mamake kwamba watu wa hapa hawana mwamko, hawamleti mtoto kupimwa mpaka awe mkubwa na hasemi. "Nitavipata wapi vichanga, mama? Nitavipata wapi?"

Wewe ushaelewa. Rumana, mwenye shahada, alikuwa hajaelewa.

Asubuhi moja alialikwa Tunguu, chuo kikuu, akazungumze na wanafunzi wa afya. Mada alichagua mwenyewe: umuhimu wa kumpima mtoto usikivu kabla ya kutimiza miezi mitatu. Alikuwa mlangoni kwake, mkoba begani, koti jeupe limepigwa pasi, anairudia hotuba kwa kunong'ona, ndipo akasikia hodi ngazini.

Alikuwa mwanamke kijana, kanga zimelowa jasho, mtoto kamlaza begani. "Mimi Mwanapili, daktari, natoka Chwaka. Mama kanambia, mtoto huyu katogwe kwa Bi Khatun, ndiye aliyenitoga mimi. Nimefika nikaambiwa Bi Khatun kapumzika, yuko mwanawe juu."

"Dada, kibao hujakiona?"

"Nimekiona. Masikio."

"Hapa si kwa sonara," Rumana akasema, na tundu zikapanuka.

"Samahani, daktari. Nlidhani."

Chini, Mkubwa alikuwa anajaribu spika mpya, ile ya urefu wa mtu. Ngazi zilitetemeka, vioo vya dirisha vikalia. Rumana ilibidi apaze sauti. Akamtazama mtoto, kalala fofofo, mate yanamchuruzika. Akaona si vizuri kumfukuza mtu bila ya neno jema. "Mashaallah," akasema, "mtoto wako ana usingizi mzuri."

"Huyu?" Mwanapili akacheka. "Huyu hata ngoma ya harusi haimwamshi. Anaitwa Tahiya. Ana miezi mitatu kesho."

"Mungu akukuzie," akasema Rumana, akapita pembeni yao, akashuka, akaenda Tunguu. Huko alisimama mbele ya wanafunzi sitini akawaambia, kwa sauti ile ya taarifa ya habari, kwamba mtoto mchanga asiyeshtuka kwa kishindo apimwe mara moja, asingojewe hata siku. Wakampigia makofi. Njiani kurudi alijinunulia halua ya kujipongeza, na hapa anaposimulia Rumana hujigonga kipaji kwa kiganja, "Halua! Nilinunua halua!"

Ikapita miaka miwili na nusu. Kituo hakikufa, wala hakikupona. Wazee walikuja, akawauguza, wakamwombea dua. Vichanga havikuja tena, hata vya kutogwa. Watu wakazoea kwamba mtoto wa Bi Khatun ana maringo. Halafu siku moja ikasikika hodi, akaingia mwanamke na mtoto wa kike wa kiasi cha miaka mitatu kasoro, kashikwa mkono, macho makubwa, anakodolea kila kitu. Alikuwa na vipuli. Tundu moja lilikuwa chini ya jengine, limekwenda upande.

"Nesi wa kwetu kaniambia nije," mwanamke akasema. "Huyu hasemi, daktari. Wenzake washaanza hata kutukana, yeye mama hajaisema. Na ana jeuri. Nikimwita haitiki. Ndugu zake wawili niliwafunza, mtu akikuita sema naam, wakashika. Huyu namwita, kanipa mgongo, haitiki wala hageuki. Nimemchapa, daktari. Kwa hilo tu, nimemchapa sana."

Rumana akamkalisha mtoto akampa vikombe vya plastiki achezee, akapita nyuma yake akapiga kengele. Mtoto akapanga vikombe. Akapiga kigoma. Mtoto akapanga vikombe. Akatoa ile mashine kabatini, akamtia kijidude sikioni, sikio la kulia, la kushoto, akarudia tena, akarudia mara ya tatu. Masikio yale hayakurudisha jibu.

"Hana jeuri," akasema. "Hakusikii."

Mwanapili hakulia. Alimvuta mtoto akamketisha mapajani, akamfuta pua kwa ncha ya kanga, kisha akasema taratibu, kama anayemsaidia mtu kukumbuka pahala alipoweka ufunguo, "Daktari hunikumbuki. Nilikuja naye huyu, ana miezi mitatu. Ulisimama hapo hapo na mkoba wako. Ulinambia hapa si kwa sonara."

Yakamjia yote kwa mpigo: ngazi inayotetemeka, mate yanayochuruzika, ngoma ya harusi.

"Mashine hii," Mwanapili akauliza, "siku ile ulikuwa nayo?"

Hapo Rumana angeweza kusema hapana. Nani angejua? Mashine haina mdomo, na mwanamke yule hakuwa na pa kwenda kuuliza. Anasema neno hilo lilikuwa limeshafika mdomoni, limekaa kwenye ulimi, tamu, lina nafasi yake.

"Nilikuwa nayo," akasema. "Ilikuwa kabatini."

"Ingemjua?"

"Ingemjua."

"Inachukua muda gani?"

"Dakika tano."

Mwanapili akaitikia kwa kichwa. "Mimi nilikaa kwenye ngazi yako nusu saa nzima, namnyonyesha, kabla sijarudi Chwaka." Akanyanyuka, akamweka mtoto kiunoni. Rumana alimwandama mpaka mlangoni akimweleza kwamba bado yapo ya kufanya, mashine za masikio zipo, mafunzo yapo, arudi tu, arudi wiki ijayo. Mwanapili alishuka na ngazi zake.

Wiki ijayo ikaja ikapita. Na nyengine. Simu ikipigwa haipokelewi. Rumana hakulala, hakula, akawa anampima Mzee Hasan sikio moja mara mbili. Kila siku iliyopita alijua inamla nani. Alasiri moja akarudi kwao Mkunazini, akamkuta mamake barazani anachambua mchele kwa kupapasa, akakaa chini akamwaga yote, tangu hotuba mpaka halua, huku analia kama yeye ndiye aliyetogwa.

Bi Khatun aliendelea na mchele wake mpaka mwisho wa habari. Kisha akauliza, "Kwani hukumbuki mimi nilivyokuwa natoga?"

"Kwa sindano, mama."

"Sindano kitu cha mwisho hicho. Kwanza natikisa bangili." Akaunyanyua mkono, bangili zake zikalia. "Mtoto akikutazama wewe na sindano yako atakupigia kelele mpaka uchanganyikiwe. Basi nikitikisa bangili upande huu, macho yanakwenda huku, na kichwa kinavuta huku, na mimi nishamtoga upande ule. Ndivyo nilivyofunzwa na mamangu. Asiyezifuata bangili nilimjua pale pale. Namwambia mamake, huyu simtogi leo, kampeleke hospitali wakamtazame masikio. Miaka yote ile niliwapata watano, nimewahesabu. Na kichwa kakishika nani, Rumana? Wewe si ndiwe uliyekuwa ukinambia, 'Mama, huyu katulia tu, kichwa hakivuti'?"

Rumana akakumbuka. Mikono ilikumbuka kwanza: vile vichwa vya joto vikivuta kidogo viganjani kuifuata bangili, kimoja baada ya kimoja, miaka saba. Alikuwa keshawapima watoto wa Unguja usikivu kabla hajavunja ungo. Halafu akapanda ndege akaenda kufunzwa.

"Mama, mbona hukunambia?"

"Ungenisikia?" Bi Khatun akasema. "Pua zote zile! Mkataa kwao mtumwa, mwanangu. Haya futa kamasi. Kesho tunakwenda Chwaka."

Wakaenda. Mwanapili walimkuta ufukweni anatandaza mwani ukauke, mtoto anacheza na makome pembeni. Rumana alikuwa kajitayarishia maneno, yana mwanzo, kati na mwisho, kama ya Tunguu. Akavua viatu, akauparamia mwani ule mbichi, akateleza, akakaa kitako mbele ya mwenyewe, chubwi, koti jeupe na yote. Maneno yakapotea.

"Nimekuja kukuomba msamaha," akasema, na hakunyanyuka. "Nilikufukuza kwa kibri. Sina sababu nyengine. Na nimekuja kukuomba umrudishe mtoto. Usije kwa ajili yangu, kama hutaki kuniona nitakutafutia mtu mwengine, ila aje."

Mwanapili alisimama na fungu la mwani mkononi, maji yakimdondoka. "Mimi sikukaa huku kwa kukukasirikia," akasema. "Najionea haya. Wewe ulimfukuza siku moja. Mimi nimemchapa mwaka mzima kwa kutonisikia. Kila nikimtazama nauona mkono wangu. Nani atamwomba nani msamaha?" Na sasa ndio akalia, kilio cha kwikwi, na Rumana pale chini naye akaungana naye, wawili wao, na Tahiya akawaangalia mmoja mmoja.

Bi Khatun hakupenda vilio virefu. Alikuwa keshamvuta mtoto karibu, anampapasa masikio kwa vidole. Ghafla akamaka, "Ala! Nani kamtoga mtoto huyu?"

"Shangazi yangu," Mwanapili akasema, anajifuta.

"Kamtoga au kampigilia msumari? Tundu moja Chwaka, moja Makunduchi!"

Mwanapili akacheka. Kicheko kilimtoka hajakitaka, na kilipokwisha akasema, "Nitakuja, Bibi. Juma la kesho nitakuja."

Habari kwamba Bi Khatun yupo kijijini hazikuchukua muda. Jirani mmoja, Zuleikha, akatoka na kichanga chake cha miezi miwili na vipuli kwenye ncha ya kanga. Bi Khatun akatoa sindano kifukoni, maana alikuja nayo, mjanja yule, akaipitisha kwenye moto na spiriti, kisha akamnyooshea mwanawe. "Shika. Mimi sioni."

"Mama, mimi..."

"Shika, nimekwambia."

Rumana akaishika. Halafu akairudisha kwenye kisahani. "Kalala," akasema. "Ngojeni. Kabla hajaamka." Akakimbia kwenye mkoba wake akaitoa ile mashine ndogo, akapiga magoti mkekani, akakitia kijidude sikioni mwa mtoto. Dakika tano. Sikio la kulia likajibu, la kushoto likajibu. Ndipo akatoga, kijasho kinamtoka. Mtoto akalia, akatiwa titi. Bi Khatun akapapasa kazi kwa ncha ya kidole, akamwinamia mwanawe sikioni. "La kushoto limepanda juu kidogo. Nyamaza, mamake hajaona."

Kibao kile kirefu kimeshushwa, Mkubwa kakifanya rafu ya spika zake. Kilichopo sasa kinasema: KWA MTOTO WA BI KHATUN. TUNAPIMA NA KUTOGA MASIKIO. Jumamosi ngazi haipitiki. Mama anayekuja kutoga, mtoto anapimwa kwanza usingizini, kisha zinatikiswa bangili, za Bi Khatun mwenyewe, anazozivaa Rumana kwa siku hiyo, ndipo ije sindano. Wa kiume nao huletwa siku hizi, wakatikisiwa bangili bila ya kutogwa, mama zao wakidai haki sawa. Mpaka juzi ameshawapata wanne wasiosikia, mkubwa wao ana miezi mitano.

Tahiya hakuwa katika hao. Tahiya alipelekwa Dar es Salaam akapimwa kwa mashine kubwa, ikathibitika. Akatengenezewa mashine mbili za masikio, akazikataa, akazitupa, moja ikaokolewa mdomoni mwa mbuzi. Kila juma alikuja na mamake kufunzwa kusikiliza, na kila juma Rumana alihisi miaka miwili na nusu imekaa chumbani kiti cha tatu, inatazama. Haiondoki. Kasema mwenyewe hataki iondoke.

Jumamosi moja, mwezi wa tisa wa mafunzo, Rumana alikuwa kainamia kichanga cha watu, Bi Khatun kashika kichwa, na Tahiya kawapa mgongo kule pembeni anapanga vikombe vyake vya plastiki. Mwanapili alikuwa mlangoni, anafunga kanga, gari la Chwaka linakaribia kuondoka. Akaita vile vile alivyozoea kumwita, kwa mazoea tu, wala hakuwa na tamaa.

"Tahiya!"

"Aam," akasema mtoto, hakugeuka, anapanga vikombe.

Sindano ilisita hewani. Mwanapili alishika mlango.

"Tahiya!"

"Aam."

"Tahiya!"

"Aam!"

Alimwita mara ya nne, na ya tano, machozi yanamwingia mdomoni, na mtoto akaitika zote. Mara ya sita Tahiya akaweka kikombe chini. Akanyanyuka kwa hasira, akachomoa mashine ya sikio la kulia, akachomoa na ya kushoto, akamwekea mamake zote mbili kiganjani, akarudi kwenye vikombe vyake.

"Basi, Mwanapili," Rumana akasema. "Keshakusikia."